Maji ya Kibo: nilivyofika Uhuru mara ya pili

Nimepanda Kilimanjaro mara mbili, zote kwa njia ya Marangu. Mara ya kwanza nilirudishwa usiku wa manane, juu kidogo ya Pango la Hans Meyer, natapika, na mfuko wangu haujanipa tone kwa zaidi ya saa mbili ingawa mgongoni nilikuwa na lita tatu za maji. Mara ya pili nilifika Uhuru, kileleni kabisa, mita 5,895, nikafungua chupa pale penye ubao na maji yakatoka ya uvuguvugu. Naandika kwa sababu ya maji hayo, na kwa sababu ushauri mbovu niliopewa kabla ya safari ya kwanza bado nausikia watu wakipeana.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baridi niliyokuwa naijua ni ya Lushoto mwezi wa saba, nayo niliiona kali. Kwa hiyo niliuliza kila aliyewahi kukanyaga mlima. Mmoja akasema usinywe maji mengi, utahangaika na choo usiku. Mwingine akasema siku ya kupumzika Horombo, kituo cha pili cha kulala, ni hela ya bure, kijana kama wewe unamaliza mlima kwa siku tano. Wa tatu akanisisitizia nitafute ule mfuko wa maji wenye mpira, unaokaa ndani ya begi na kunyonya huku unatembea, kwa hiyo husimami. Huyu wa tatu nilikuja kujua baadaye kwamba aliishia Mandara, kituo cha kwanza tu. Nikawasikiliza wote watatu.

Ilikuwa Desemba, kipindi ambacho Watanzania wengi hupanda kuadhimisha tarehe 9. Siku hiyo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kule juu, na mimi nilitaka kufika palepale. Getini Marangu tukajiandikisha, mizigo ya wapagazi ikapimwa (kila mmoja asizidishe kilo 20), tukaingia msituni. Siku ya kwanza ni ya raha. Mbega wanaruka juu ya vichwa, njia imetengenezwa vizuri, na Mandara ipo kwenye mita 2,700 na kitu. Siku ya pili msitu unakwisha, unatembea kwenye vichaka hadi Horombo, mita 3,720. Kichwa kilianza kuniuma jioni ile, kidogo tu, nikanyamaza.

Kunyamaza ndilo kosa lililonigharimu kuliko mengine yote. Kiongozi wetu aliniuliza, "Dada, kichwa vipi?" nikamjibu safi. Asubuhi tukaondoka kwenda Kibo, kituo cha mwisho cha kulala, mita 4,700, bila ile siku ya kuzoesha mwili.

Njiani kuna kibao kinachoonyesha maji ya mwisho. Ukikipita, hakuna tena kijito wala bomba, ni jangwa la mawe na vumbi kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, upepo umefunguliwa. Maji yote yanayotumika Kibo yanabebwa na wapagazi kutoka chini. Niliwaona wale wanaoitana "wagumu" wakipita na madumu kwenye mabega, wananisalimia wakati mimi hata salamu siwezi kuijibu kwa pumzi moja. Tangu siku ile, mtu akiniambia aliomba beseni la maji ya moto aoge Kibo, namwambia waziwazi kwamba amekosea.

Usiku saa sita tukaanza. Wengi huondoka saa hizo kwa sababu changarawe zimeshikana kwa baridi na mguu hauzami sana, halafu mnakuta jua linachomoza mkiwa ukingoni mwa shimo la volkano kule juu. Nilikuwa na mfuko wangu wenye mpira, nimejivunia nao siku tatu. Kiongozi alinifundisha: ukimaliza kunywa, puliza hewa maji yarudi mfukoni, yasibaki kwenye mpira. Saa ya kwanza nilipuliza. Ya pili nilipuliza mara moja moja. Halafu ukafika wakati ambao hewa ya kupuliza sikuwa nayo, maana kila pumzi naitaka mwenyewe, nikaacha. Nilipovuta tena, hakuna kitu. Nikang'ata ule mdomo wa mpira, hakuna. Nikaufunua, umekakamaa kama kijiti. Nikauingiza ndani ya koti nikiamini utayeyuka, lakini koti lenyewe lilikuwa na baridi kwa nje na jasho kwa ndani, na nguvu za kusimama na kuuhangaikia sikuwa nazo. Kiongozi akanipa maji yake mara mbili, nikatapika yote.

Tochi yangu ya kichwani nayo ikaanza kufifia. Akaniambia nitembee mstari ulionyooka, kisigino kwenye vidole, hatua kumi. Nilifika ya nne nikayumba. Hakubishana nami. Akasema, "Dada, mlima haukimbii. Tunashuka sasa hivi." Nililia, nilimwambia nimelipa, nilimwambia nipo sawa. Akanishika mkono na tukashuka. Tulipofika Kibo kichwa kilikuwa bado kinagonga, hatukulala pale, tukaendelea hadi Horombo, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nakula ndizi na nyama kama mtu ambaye hajaumwa. Kushuka ndiyo dawa. Nimeiona kwenye mwili wangu mwenyewe.

Sasa nieleze jambo moja ili nisije nikamdanganya mtu. Maji peke yake hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Unaweza kunywa lita nne na ukaugua. Ugonjwa huo unatokana na kupanda haraka kuliko mwili unavyozoea, maana kule juu kabisa hewa unayovuta ina oksijeni kama nusu ya ile ya pwani. Ila mtu aliyekaukiwa maji anaumwa kichwa vilevile, anachoka vilevile, kwa hiyo hajui kinachomsumbua ni kipi, na baridi inamkamata haraka. Mimi nilikuwa na vyote viwili. Na ukianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, au kukohoa na kukosa pumzi hata umekaa, hapo si suala la kuvumilia tena. Ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji, na watu hufa. Niliiona ile machela yenye gurudumu moja ikiteremshwa mbio na watu wanne, mgonjwa amefungwa mikanda, na sikuweza kuisahau.

Nilikaa karibu miaka miwili. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri kutembea, Jumamosi napanda vilima na begi lenye madumu mawili madogo. Hayo mazoezi sina la kuyaeleza, kila mtu anajua. Fedha nilidunduliza. Kwa Mtanzania ada za hifadhi ni sehemu ndogo tu ya anazolipa mgeni, kinachokula hela ni wapagazi, chakula na vifaa vya kukodi. Jumla yangu ilikuwa kama laki nane na kitu, tukiwa kundi la watu sita, sikuandika kila shilingi. Begi la kulalia na koti zito nilikodi Moshi. Viatu nilinunua vyangu, nikavivaa miezi mitatu kabla, na sikupata hata lengelenge moja.

Siku sita, safari hii. Nilimwambia kiongozi tangu getini kwamba siku ya Horombo ipo na haijadiliwi. Akacheka, alikuwa ni yule yule.

Siku ile ya Horombo haikuwa ya kulala. Tulipanda hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, ule mwamba wenye michirizi myeusi na myeupe, tukakaa kidogo, tukarudi kulala chini. Mwili unajifunza kwa kupanda juu na kulala chini. Mchana wote nilikunywa taratibu, glasi baada ya glasi, nikawa naangalia mkojo wangu kama mama anavyoangalia wa mtoto mgonjwa. Ukiwa mweupe upo sawa, ukigeuka rangi ya chai ongeza maji. Ndiyo, usiku nilitoka mara tatu. Choo kiko nje, vibanda vina taa za sola lakini njia ya chooni ina giza, na mawe yanateleza. Nililala na tochi imefungwa mkononi na viatu vimelegezwa kamba tayari mlangoni. Dakika tano za baridi, basi. Mara ya kwanza nilikuwa nimezikwepa dakika hizo kwa kutokunywa, na nikapoteza mlima mzima. Waliokuwa wanameza dawa ya mwinuko walitoka mara nyingi kuliko mimi, maana inakojoza. Ukiitaka, muone daktari kwanza, hasa kama dawa zenye salfa zinakudhuru.

Tulipofika Kibo niliingia jikoni kwa mpishi. Nilikuwa nimechukua chupa mbili za plastiki ngumu zenye mdomo mpana, lita moja moja. Zile chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kuingia nazo hifadhini, na hata zingeruhusiwa, mdomo wake mwembamba unaziba kwa barafu mapema. Nikamweleza yaliyonikuta. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mikono imeungua ungua, akasikiliza mpaka mwisho ndipo akasema, "Mwanangu, maji huanza kuganda juu, chini yanachelewa. Ukiilaza chupa kichwa chini, barafu itakaa kwenye kitako na mdomo utabaki na maji."

Nilishangaa jinsi lilivyo jambo dogo. Akaendelea. Jioni alinijazia chupa zote mbili maji yaliyochemka. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na ndiyo maana maharage hayapikwi Kibo. Nikazikaza vifuniko, nikazivalisha soksi nene za sufu, moja moja, nikaziweka ndani ya begi la kulalia, moja miguuni na nyingine tumboni. Nililala saa nne nzima kwa joto, mimi wa Tanga, huku nje upepo unapiga bati. Betri za tochi na simu nilizilaza humo humo kwenye soksi nyembamba, kwa sababu baridi inazimaliza hata kama hukuzitumia. Saa tano na nusu usiku mpishi akatugongea, akayamwaga yaliyopoa kwenye sufuria yake, akachemsha upya, akanijazia. Hakupoteza tone, maana yale yamepanda hapo mgongoni kwa mtu.

Chupa moja ikaingia kwenye begi, kichwa chini, ndani ya soksi, katikati ya sweta la akiba. Ya pili ikakaa ndani ya koti, ubavuni, naibadilisha kulia na kushoto. Kila tuliposimama nilikunywa funda mbili tatu, hata kama sina kiu. Kule kiu haikuambii ukweli. Kwenye Pango la Hans Meyer nilisimama, nikatazama pale nilipotapikia mara ile, nikanywa, tukaendelea. Kasi yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliweza kuvuta pumzi mbili kwa kila hatua. Wenzetu waliotupita mbio wakiwa na muziki, watatu kati yao tuliwakuta wamekaa juu ya mawe wameshika vichwa.

Kipande cha mwisho kabla ya Gilman's Point, pale unapofika ukingoni, ni miamba, unashika kwa mikono. Pale niliogopa kweli. Kiongozi akaweka kipima oksijeni kidoleni mwangu, akanitembeza hatua kumi za kisigino kwenye vidole palipokuwa tambarare, nikazimaliza zote bila kuyumba. Mita 5,685, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikanywa tena. Jamaa mmoja aliyekuwa na mfuko wa mpira alikuwa anaung'ata ule mdomo kama nilivyoung'ata mimi. Nilimpa chupa ya ndani ya koti, akanywa karibu nusu.

Kutoka Gilman's hadi Uhuru unazunguka ukingo wa shimo, barafu ipo mkono wa kushoto, na jua likitoka linapiga machoni na kwenye theluji vilevile, usikubali kwenda bila miwani. Sehemu hiyo nilitembea karibu saa mbili na sikumbuki maumivu, nakumbuka mwanga tu. Pale penye ubao watu walikuwa wanapanga foleni ya picha. Nikaivua chupa ya begini soksi yake, nikaigeuza. Kwenye kitako kulikuwa na kibarafu kama kifuniko cha soda, basi. Mdomo ulifunguka bila shida. Nikampa kiongozi anywe kwanza.

Hatukukaa zaidi ya dakika kumi na tano, yeye ndiye aliyeangalia saa. Kushuka kwenye changarawe zilizolegea kwa jua kunachubua vidole vya miguu, kateni kucha kabla hamjaondoka nyumbani. Kwenye kibao cha maji ya mwisho tulikuta wapagazi wawili wanajaza madumu kupeleka Kibo kwa kundi la jioni ile. Nikawashika mikono wote wawili.

Soksi zile za sufu bado ninazo. Binamu yangu anapanda Februari, ameshazichukua, na nimemwandikia jina la yule mpishi nyuma ya tiketi ya basi.