Nyaya za Mlingoti na Kamba ya Nanga
Anayenunua mashua ya tanga iliyokwisha kutumika huvutiwa kwanza na rangi yake, ilhali mimi huanza na nyaya za chuma cha pua zinazoshikilia mlingoti, nikipitisha kitambaa laini, kamwe si mkono mtupu, juu ya kila waya hadi pale unapoingia kwenye kishikizo, kwa kuwa uzi mmoja uliokatika hunasa kitambaa na kunijulisha kwamba waya wote ubadilishwe. Kutu hupenda kujificha hapo hapo.

Kuhusu nanga sikubali mzaha: ikiwa imefungwa kwa kamba yenye kipande cha mnyororo, nateremsha urefu usiopungua mara 7 ya kina, nikipima kuanzia omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, hadi chini na kujumlisha kujaa kwa maji, maana nanga hujichimbia inapovutwa kwa mlalo. Kamba fupi huing'oa.