Kakitabu kembamba, hasira nene
Jana nimemaliza kakitabu ka wapigania haki weusi wa mwanzo Marekani, kembamba yani foleni moja ya Mbagala unakamaliza. Kuna huyu Elizabeth Jennings, mwalimu, 1854 New York anawahi kupiga kinanda kanisani, kondakta akataka kumshusha kwenye tramu ya farasi kisa ni mweusi, dada akang'ang'ania dirisha haachii ng'o! Akaenda kortini, 1855 akashinda, wakili wake Chester Arthur baadae akawa rais. Miaka 100 kabla ya Rosa Parks, yule mama mweusi aliyegoma kumpisha mzungu siti kwenye basi, na mi sijawahi kumsikia jamani. Ila mwandishi kaniboa, kampa kurasa 4 tu, na Ida B. Wells aliyemng'ata kondakta mkono kwenye treni kapitishwa fasta fasta. Nyota 3.