Sare na Papa jirani

Jamani, leo nimetoka sare na Papa jirani! Tunacheza sataranji kibarazani kwake, Ibanda hapa Bukavu, na kwenye simu ananizidi alama 400 za Elo, kipimo cha nguvu za mchezaji. Pengo kama hilo humpa mwenye nguvu takribani pointi 91 katika michezo 100.

Nilipoteza askari mapema. Umeme ukakatika, tukaendelea kwa tochi ya simu. Kete zingine zote tukaliana. Yeye akabaki na askari mmoja, mimi mfalme mtupu. Lakini askari huyo alikuwa wa ukingoni, safu ya a! Nikamkimbiza mfalme wangu hadi kona ya a8, mraba ambao askari huyo alipaswa kufika ili awe malkia, nikang’ang’ania pale. Hakuna wa kumtoa.

Papa akanyamaza kitambo, akanipa mkono. “Mwanangu, nani alikufundisha hii?”

Ni wewe, Papa.