Sentensi ninayoipinga kwenye sera ya kamera za chuo

Tangu niliposema nimeingia kwenye kamati ya chuo inayopitia sera ya kamera za kusoma namba za magari, wengi wameniuliza kama bado nasoma au nimeshaajiriwa upolisi. Bado nasoma. Chama cha wanafunzi wa uzamili kilitakiwa kutoa mjumbe mmoja, kikao kikapangwa saa ya chakula cha mchana, na ghafla kila mtu akawa na dharura isipokuwa mimi.

Kwanza mwelewe polisi wa chuo ni nani hapa California. Si mlinzi wa geti mwenye rungu na daftari la wageni. Kwenye chuo cha umma kama chetu ni polisi kamili kwa sheria ya jimbo: ana bastola, anakamata, anakupeleka rumande. Na ndiye anayetaka kuweka kamera kwenye kila barabara inayoingia chuoni, halafu aunganishiwe pia taarifa za vigari vya ofisi ya maegesho, ambavyo tayari vina kamera juu ya paa.

Vigari hivyo mliopo huku mnavijua. Vinapita taratibu katikati ya mistari ya magari, dereva hata hashuki. Siku hizi hatubandiki kibali kwenye kioo, namba ya gari ndiyo kibali. Kamera inapiga picha, programu inasoma herufi na tarakimu, inazilinganisha na orodha ya waliolipia, na usipokuwemo unaandikiwa faini. Hapo sina ugomvi na mtu. Tatizo ni kinachobaki baada ya hapo. Gari limeonekana limelipiwa, kazi imekwisha, lakini namba, tarehe, saa na mahali gari liliposimama vinabaki kwenye seva.

Na mahali ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Maegesho ya nyuma ya kituo cha ushauri nasaha yana nafasi chache, na asiye na shughuli pale haegeshi pale. Anayeegesha huko kila Jumanne saa nane mchana ameshajieleza bila kufungua mdomo. Vivyo hivyo yaliyo karibu na chumba cha swala siku ya Ijumaa, au jengo ambalo chama cha wafanyakazi hukutania. Mwaka 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa University of California waligoma. Wagomaji kwa kawaida hukaa kwenye viingilio vya chuo, na kwenye mchoro tuliopewa, viingilio ndipo nguzo za kamera zitakaposimama. Sisemi waliochora waliwaza mgomo. Nasema kamera haitaangalia waliwaza nini.

Tukirudi kwenye polisi, kazi yenyewe inakwenda hivi. Wana orodha ya magari yanayosakwa: yaliyoibwa, yanayohusishwa na mtu aliyepotea, ya mtu mwenye hati ya kukamatwa. Sehemu kubwa ya orodha hutoka kwenye kanzidata ya FBI na ya jimbo. Kila gari linalopita namba yake inalinganishwa na orodha hiyo, ikioana kengele inalia kwenye kompyuta ya askari. Kamera husoma namba vizuri, lakini si mara zote husoma jimbo lililoitoa. Orodha nayo huchelewa kusasishwa, kwa hiyo gari lililokwisha kupatikana linaweza kuendelea kusakwa.

Mnaodhani makosa haya ni ya kuandikiwa faini ya bahati mbaya, sikilizeni. San Francisco, mwaka 2009, kamera ilisoma 3 kama 7 kwenye namba ya mama mmoja. Gari lililokuwa likisakwa lilikuwa pikapu ya kijivu, lake lilikuwa Lexus ya rangi ya damu ya mzee. Hakuna aliyesumbuka kutazama. Mama wa watu akapigishwa magoti barabarani usiku, akafungwa pingu, bunduki zimemwelekea. Kesi ikafika mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo mwaka 2014 ilisema jopo la raia wa kawaida wanaosikiliza kesi (jury) lina haki ya kuamua kama polisi walipaswa kuhakiki kwanza kwa macho yao. Aurora, Colorado, mwaka 2020, ilikuwa mama na watoto, mdogo kabisa ana miaka 6. Namba ilisomwa sawasawa, ila iliyoibwa ilikuwa pikipiki ya Montana yenye namba hiyohiyo. Watoto walilazwa kifudifudi kwenye lami. Mji ulikubali kulipa dola milioni 1.9 mwaka 2024.

Ndiyo maana kifungu cha kwanza tulichokubaliana kwenye kamati, na hapa nawapa polisi wetu sifa yao kwa sababu hawakubisha, ni kwamba kengele peke yake si sababu ya kulisimamisha gari. Askari asome namba kwa macho yake, aangalie jimbo, aangalie aina na rangi ya gari, aulize redioni kama bado linasakwa. Baada ya hayo yote ndipo aanze kuwasha taa.

Shida ilikuja kwenye aya ya nne. Inaorodhesha matumizi: magari yaliyoibwa, watu waliopotea, uchunguzi wa makosa makubwa. Sawa. Halafu inamalizia: "na kwa madhumuni mengine yoyote halali ya kipolisi." Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kama maneno haya ya mwisho yanabeba kila kitu, tumeandika ya mwanzo ya nini? Luteni anayetuwakilishia idara ni mtu mstaarabu, hana haraka, anakunywa chai yake. Akasema, "Mwalimu," (ananiita hivyo kwa sababu nafundisha vipindi vya mazoezi) "uhalifu hautuletei ratiba." Akatoa mfano wa wezi wanaokata vile vifaa vya kusafisha moshi chini ya magari. Wanakuja usiku na gari moja, vyuo vitatu kwa wiki. Bila kumbukumbu za magari yaliyoingia, huwapati.

Mfano ni mzuri. Lakini wizi huo ni kosa, na makosa tayari tumeyaorodhesha. Sentensi ile haimhitaji mwizi. Inamtosha askari mwenye udadisi.

Na udadisi huo si wa kubuni. Mkuu wa polisi wa Sedgwick, mji mdogo wa Kansas, aligundulika alitumia mfumo wa aina hii zaidi ya mara 200 kumfuatilia mpenzi wake wa zamani pamoja na mwanamume mpya wa huyo dada. Ni mkuu wa polisi, msisahau, yaani yule ambaye sera nyingi humwandika kuwa ndiye msimamizi wa matumizi mabaya. Mwaka 2025 ikaripotiwa kuwa ofisa wa ofisi ya sherifu wa Johnson County, Texas, alimtafuta mwanamke kwenye mtandao wa kamera zaidi ya 83,000 nchi nzima, zikiwemo za majimbo ambako utoaji mimba ni halali, na kwenye nafasi ya sababu akaandika kwamba ametoa mimba. Sherifu alieleza kuwa walikuwa wanahofia usalama wake. Iwe hivyo. Chuo kilichojaa wasichana wa miaka 19 kinapaswa kujiuliza swali hilo kabla, si baada ya gazeti kuandika.

Hapa California tuna bahati ya kuwa na sheria. SB 34 ilipitishwa mwaka 2015, ikaanza kazi Januari 2016. Anayetumia kamera hizi lazima awe na sera iliyoandikwa na kuwekwa hadharani kwenye tovuti yake, itaje vyeo vya wanaoruhusiwa, mafunzo yao, na taarifa zitakaa muda gani. Kila anayetafuta namba lazima aache alama: nani, lini, namba gani, kwa sababu gani. Taasisi ya umma hairuhusiwi kuzitoa isipokuwa kwa taasisi nyingine ya umma ya humu jimboni. Mwaka 2023 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Rob Bonta, akalazimika kuwakumbusha polisi kuwa majimbo mengine na serikali ya shirikisho hawamo. Ukiona mwanasheria mkuu anawakumbusha polisi sheria iliyokwisha kufikisha miaka saba, ujue walikuwa wameisahau kwa raha zao.

Sheria hiyo ina tundu, nalo ni muda. Inataka useme utakaa na taarifa kwa muda gani, haisemi mwisho ni upi. Mkaguzi wa jimbo alipochunguza idara nne, kwenye ripoti ya Februari 2020, alikuta polisi wa Los Angeles wana picha milioni 320, na asilimia 99.9 kati yake ni za magari ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote yalipopigwa picha. Hawakuwa hata na sera ya kamera hizo. Milioni 320 za watu waendao kazini.

Majimbo mengine yamejaribu. New Hampshire inataka namba isiyoliza kengele ifutwe ndani ya dakika 3. Virginia, kuanzia Julai 2025, siku 21. Hapa kwetu polisi wa barabara kuu wamewekewa siku 60, lakini kifungu hicho ni chao peke yao. Rasimu ya chuo chetu iliandika mwaka mmoja. Nilipouliza mwaka umetoka wapi, jibu likawa ndivyo mfumo ulivyopangwa ulipofika. Kwamba mtu wa mauzo huko alikotoka ndiye aliyeamua, na chuo chenye kitivo kizima cha sheria kikanakili.

Msimamo wangu ni siku 3. Sababu yangu siyo uadui na polisi. Mwizi wa vifaa vya moshi huripotiwa asubuhi mwenye gari anapowasha na kusikia mngurumo wa trekta, na siku 3 zinatosha kuitoa picha na kuihifadhi kwenye jalada la kesi, ambako itakaa hata miaka kumi kwa ruhusa yangu. Kisichotosha siku 3 ni kurudi nyuma kuangalia nani alikuwa anaegesha wapi muhula uliopita. Na hicho ndicho nisichotaka kiwezekane. Kilichofutwa hakiwezi kuombwa kwa wito wa mahakama, wala kuibwa, wala kutafutwa na mkuu aliyeachwa na mpenzi.

Kuna jambo moja lililonikosesha usingizi ambalo sijaona likizungumzwa, hivyo nivumilieni. FERPA, sheria ya shirikisho ya 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, haizihesabu kumbukumbu za polisi wa chuo kuwa za elimu, ilimradi polisi wamezitengeneza wenyewe kwa kazi ya kipolisi na kuzitunza wenyewe. Lakini faili la ofisi ya maegesho, lenye jina langu, namba yangu ya uanafunzi na gari langu, ni kumbukumbu ya mwanafunzi, na halibadiliki kuwa la polisi kwa sababu tu polisi wamelishika. Sasa unganisha mifumo miwili kwenye skrini moja kama rasimu inavyotaka. Askari anabofya namba, jina linatokea. Lipi ni la ofisi ipi? Nilimuuliza mwanasheria wa chuo. Alifungua kompyuta, akafunga, akasema ataturudia.

Ninachopendekeza ni mifumo ibaki miwili. Polisi wakitaka kitu cha maegesho waombe kwa maandishi, wakitaja namba ya kesi, na wakitaka kujua nyendo za mtu mmoja kwa muda mrefu walete hati ya mahakama. Luteni anasema hilo litamchelewesha. Ndiyo, ndilo lengo.

Tuliomba pia kuona sampuli ya kumbukumbu za utafutaji kutoka majaribio ya muhula uliopita, majina yamefichwa. Walituletea, na nawashukuru. Safu ya mwisho kulia ndiyo ya sababu. "Uchunguzi." "Uchunguzi." "Uchunguzi." Kuna mmoja kaandika "uch" akaishia hapo. Sheria inataka sababu iandikwe, na imeandikwa, huwezi kusema haikuandikwa. Kwa hiyo tumedai mfumo ukatae kutafuta chochote bila namba ya kesi, na ukaguzi wa kila miezi mitatu ufanywe na mtu asiyeripoti kwa mkuu wa polisi. Hilo bado linabishaniwa, hasa nani amlipe.

Mliopo vyuo vingine vya umma California, tafuteni sera ya polisi wenu kwenye tovuti, inatakiwa iwepo, kisha muombe kumbukumbu za utafutaji kwa sheria ya taarifa za umma. Huenda mkajibiwa kuwa ni siri ya uchunguzi, basi ombeni idadi peke yake: mara ngapi, kengele ngapi, ngapi zilikuwa za kweli. Mliopo vyuo binafsi hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Indiana ilisema idara ya polisi ya Notre Dame si taasisi ya umma kwa sheria yao ya taarifa, ingawa inakamata watu kama polisi wengine. Huko itabidi mpitie seneti ya wanafunzi au bodi ya chuo, na muanze kwa kuuliza taarifa zinakaa siku ngapi. Msikubali jibu la "kwa muda unaofaa."

Luteni ameshuka kutoka mwaka hadi siku 30. Mwenyekiti anasema tukutane katikati. Nimemwambia katikati ya 3 na 30 inategemea nani alianza kutaja. Kikao cha wazi kitatangazwa, na sheria inataka umma usikilizwe kabla kamera hazijawashwa, kwa hiyo wenye magari na wasio nayo mje. Chakula cha mchana mje nacho, chuo hakitoi.