Sekunde ya Saa Tisa Usiku

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 1 Julai 2012, nilikuwa zamu jijini Dar es Salaam, kwenye kampuni iliyokuwa ikikodisha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja, kwa wafanyabiashara. Huduma za wingu zilikuwa bado ngeni kwetu. Wateja wengi walitaka kwanza kuiona seva kwa macho ndipo waamini kwamba data zao ziko salama. Kazi yangu ilikuwa tabaka la chini kabisa: mfumo endeshi wa Linux, kerneli yake (kiini kinachoongoza vifaa na programu zote), na programu inayoigawa seva moja iwe mashine nyingi.

Ilipotimu tu saa tisa, feni zikapandisha sauti. Anayeishi na seva anaujua mlio wake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe, na huu haukuwa wa kawaida: rafu nzima ilikuwa ikivuma. Nikafungua orodha ya programu zinazokula prosesa. Kila palipokuwa na programu ya lugha ya Java, prosesa ilikuwa imejaa pomoni, ilhali saa hizo wateja wote wamelala. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba tumevamiwa. Dada niliyekuwa naye zamu, mkubwa wangu kikazi, akanizuia: "Usizime kitu, mdogo wangu. Soma logi kwanza."

Logi, daftari la matukio la mashine, ilikuwa na mstari mmoja mpya, uleule kwenye kila mashine: saa imeongezewa sekunde, 23:59:60 UTC. UTC ni saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele yake, ndiyo maana kwetu ilikuwa saa tisa.

Dunia haizunguki kwa kasi ileile siku zote. Mvutano wa mwezi kwenye bahari unaipunguza mwendo taratibu, wakati saa za atomu hazitetereki. Ndiyo maana tangu 1972 sekunde moja imekuwa ikiongezwa kila tofauti inapokua. Usiku ule kerneli iliipokea sekunde hiyo, ila vipima muda vyake vya ndani havikupewa taarifa, vikabaki sekunde moja mbele. Programu ikiomba iamshwe baada ya robo sekunde, inaamshwa papo hapo. Inakuta hakuna kazi, inaomba kulala, inaamshwa tena. Hivyo hivyo bila kupumzika, maelfu ya mara.

Nchi za mbali nako walikuwa macho. Mtandao wa majadiliano wa Reddit ulikuwa umekwama, na wahandisi walishaanza kupeana dawa: iseti saa upya, kwa wakati uleule inaousema. Amri moja fupi tu. Kitendo cha kuseti kinailazimisha kerneli ivilinganishe vipima muda na saa. Tukaijaribu kwenye mashine yetu wenyewe, na mzigo ukaporomoka tukiutazama. Hadi leo sijaona tiba ya kerneli iliyonifurahisha kama ile.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Kila mashine pepe ina kerneli yake, kwa hiyo kuitibu seva hakuwatibu wapangaji waliomo ndani, na mkataba ulitukataza kuingia kwa mteja bila ruhusa yake. Ikabidi tuwapigie simu, mmoja mmoja. Wa kwanza wangu alikuwa mzee muuza dawa za jumla, ambaye maagizo yake yote yalipitia kwenye mfumo wa Java.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna msiba, mwanangu?"

Simu ya saa kumi usiku, angewaza nini kingine? Nikamwambia hakuna msiba, saa za dunia zimeongezwa sekunde moja na mashine yake imeshindwa kuielewa. Akanyamaza kidogo. "Kaongeza nani?" Nikamweleza kwamba iko taasisi Paris inayoupima mzunguko wa dunia na kutangaza mapema. "Mapema," akarudia. "Basi ingia, rekebisha."

Neno lile moja lilinikaa. Tangazo kweli lilikuwa limetoka miezi kadhaa kabla, dunia nzima ikalisoma, na bado kerneli ikaangushwa na sekunde moja. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliamua kwamba utaratibu huu ubadilishwe ifikapo 2035, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Usahihi wa jua ni jambo zuri, lakini haufai kulipiwa na mfumo wa muuza dawa.

Kulikucha tukiwa bado tunapiga simu. Sekunde iliyofuata, ya Juni 2015, ilipokaribia, kerneli zetu zilikuwa zimeshasasishwa na kila mteja ameshapata barua. Mzee wa dawa alijibu yake siku ileile, akitaka kujua kama nitakuwa zamu. Nilikuwa nimeshajiandikisha.