Kingamwili zilipokosa pa kushika

Januari 2022 baba mdogo alinipigia simu akiwa na mafua, kikohozi na hasira. Alikuwa amechanjwa dhidi ya korona, dozi yake moja ya Johnson & Johnson mwezi Agosti, wiki chache baada ya kumwona Rais Samia akidungwa sindano hadharani Julai 28, 2021, na sasa alitaka kujua ni nani aliyemdanganya. Nilimjibu kwamba kirusi kimejibadili. Jibu hilo halikumridhisha, na kusema kweli halikuniridhisha hata mimi niliyelitoa.

Kingamwili ni protini yenye ncha mbili zinazoweza kunasa kitu kimoja mahususi. Zile zinazotufaa zaidi dhidi ya korona hung'ang'ania ncha ya mwiba wa kirusi, pale pale ambapo mwiba hushikana na seli zetu, na hivyo kuuziba mlango kabla mgeni hajaingia. Mwiba huo umejengwa kwa asidi amino 1,273 zilizopangwa kama shanga kwenye uzi. Tazama shanga ya 484 peke yake: katika kirusi cha awali ilikuwa na chaji hasi, lakini katika Beta, aina iliyotangazwa Afrika Kusini Desemba 2020, nafasi yake ilichukuliwa na nyingine yenye chaji chanya. Kingamwili iliyokuwa ikivutwa mahali hapo ikawa inasukumwa, na kirusi kikaendelea kuingia kwenye seli bila shida.

Mwezi Februari 2021 nchi hiyo ilisimamisha mpango wake wa kutumia chanjo ya AstraZeneca siku chache tu baada ya kupokea dozi milioni 1, kwa kuwa utafiti wa watu wapatao 2,000 ulionyesha kwamba kinga yake dhidi ya ugonjwa mwepesi na wa wastani uletwao na Beta ilikuwa ndogo mno. Washiriki wengi walikuwa vijana, kwa hiyo utafiti ule haukuweza kusema lolote la uhakika kuhusu ugonjwa mkali, jambo ambalo naona halikusisitizwa vya kutosha. Huku mtaani kwetu habari ilifika ikiwa fupi kabisa, kwamba chanjo haifanyi kazi.

Kisha, Novemba 2021, ikaja Omikroni, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba. Maabara ya mtaalamu wa virusi Alex Sigal mjini Durban ilichukua plazma, yaani majimaji ya damu yanayobeba kingamwili, ya watu waliochanjwa Pfizer, ikaizimua hatua kwa hatua, ikaichanganya na virusi hai na kuimimina juu ya seli zilizooteshwa kwenye vishimo vidogo vya sahani ya plastiki, ili kuona ni kiwango gani cha kuzimua ambapo plazma bado inazuia maambukizi. Kwa Omikroni, uwezo huo ulikuwa umeshuka zaidi ya mara 20 ukilinganishwa na kirusi cha awali.

Walioumia zaidi ni watengenezaji wa dawa za kingamwili, na wagonjwa waliozitegemea. Dawa hizo, ambazo wengi wetu huku tulizisikia tu, zina aina moja au mbili za kingamwili, kwa hiyo mahali pa kushika pakibadilika, dawa nzima inakuwa maji. Bamlanivimab iliidhinishwa kwa dharura Marekani Novemba 2020, na ruhusa ya kuitumia peke yake ikafutwa Aprili 2021. Bebtelovimab, iliyoruhusiwa Februari 2022 kwa sababu iliimudu Omikroni, iliondolewa Novemba mwaka huo huo. Evusheld, iliyokuwa kinga ya watu ambao miili yao haiitikii chanjo vizuri, ilifuata Januari 2023.

Chanjo haikuanguka hivyo, kwa kuwa mwili uliochanjwa hutengeneza kingamwili za aina nyingi zinazoshika sehemu mbalimbali za mwiba, na pia huandaa seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, ambazo hazihitaji mwiba mzima: hutambua vipande vyake vilivyokatwakatwa na kuanikwa juu ya seli iliyokwisha kuambukizwa. Watafiti wa Cape Town waliwapima watu waliochanjwa, wakiwemo wa Johnson & Johnson, wakakuta kwamba asilimia 70 hadi 80 ya mwitikio wa seli T bado uliitambua Omikroni. Seli hizo hazizuii mafua wala kikohozi, kwa sababu huanza kazi kirusi kikiwa tayari kimeingia ndani, ila hukikatiza kabla hakijafika mbali.

Nilimpigia tena baba mdogo nikamweleza hayo yote, seli T na vipande vyake. Alikuwa amekwisha kupona bila kulazwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama dozi ya pili inapatikana zahanati ya karibu.