Omba kabla hujalipa: ninavyofuatilia misamaha ya wenye ulemavu Dar es Salaam

Msamaha wa ada au kodi haurudi nyuma. Ukishalipa na risiti ikatoka, aliyepokea hela hana tena namna ya kukusaidia hata kama sheria iko upande wako, na kurejeshewa ni safari ndefu kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo popote ninapokwenda, iwe hospitali, bandarini au uwanja wa ndege, nauliza kabla mkono haujaingia mfukoni: "Utaratibu kwa mwenye ulemavu ukoje hapa?" Siulizi kama kuna punguzo. Karani akisikia punguzo anadhani unapatana naye bei, anakujibu hakuna. Akisikia utaratibu anajua unazungumzia waraka, na kama hauelewi anamwita mkubwa wake.

Mambo haya yako ya aina tatu, na kuyachanganya ndiko kunakochosha watu. Yapo yaliyoandikwa kwenye sheria, hayo unadai. Yapo yanayomtaka afisa apime hali yako ya kipato. Hayo unaomba, na mwenye mshahara hapati jibu sawa na asiye na kitu. Halafu yapo ya hisani, kama konda anayekwambia "kaa tu mzee, usijali nauli". Hayo unashukuru, na kesho unapanda na nauli yako mkononi.

Tahadhari moja kuhusu ujumbe unaozunguka WhatsApp: mwingi ni wa Kenya. Kule mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupata cheti cha msamaha halipi kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za Kenya za kwanza kwa mwezi. Watu wanaubeba ujumbe huo hadi kaunta ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), wanarudi wamekasirika. Ukiona umetajwa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) au NCPWD (baraza la watu wenye ulemavu la huko), si wa kwetu. Kwetu unaanzia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na mambo ya kodi unayatafuta kwenye sheria za kodi zenyewe.

Faili langu lina karatasi chache: kopi ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, ripoti ya daktari wa hospitali ya umma, kadi ya chama na picha nne za pasipoti. Kadi ya chama (TLB kwa wasioona, CHAVITA kwa viziwi, CHAWATA kwa wenye ulemavu wa viungo, TAS kwa wenye ualbino) haikupi msamaha peke yake, lakini inamfanya afisa asikutilie shaka. Hakikisha pia mtaa wako umekuandikisha kwenye orodha yake ya wenye ulemavu, kwa sababu mtendaji akiulizwa kwa simu humo ndimo anamoangalia.

Karatasi inayoharibu mambo mara nyingi ni ripoti ya daktari. Daktari anaandika ugonjwa: "alipata polio", "alivunjika uti wa mgongo". Hiyo ni historia. Anayesoma anataka vitu vitatu: aina ya ulemavu, kama ni wa kudumu, na kifaa unachohitaji. Mwombe daktari, kwa adabu, aandike wazi kwamba "ana ulemavu wa kudumu wa miguu, anahitaji kiti mwendo". Barua ya mtaa nayo isiandikwe "kwa yeyote anayehusika". Mtendaji aitaje ofisi inayokwenda na shida yenyewe, na majina yafuatane kama yalivyo kwenye NIDA. Juma akigeuka Jumaa, kesho unarudi. Barua ikikaa sana nayo inatiliwa shaka, ndiyo maana mimi naomba mpya kwa kila jambo.

Penye fedha nyingi ni kwenye kuagiza vifaa. Viti mwendo, vya kusukuma na vya umeme, viko kifungu 8713 cha jedwali la ushuru la Afrika Mashariki, na ushuru wa forodha ni sifuri. Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwaka 2014 nayo imevisamehe vifaa vilivyotengenezwa kwa watu wenye mahitaji maalumu. Kwa nini basi watu wanatozwa? Kwa sababu ya maneno yaliyo kwenye ankara. Muuzaji wa nje akiandika "medical equipment" au "electric vehicle", wakala wako wa forodha anaingiza kifungu kingine na mfumo unatoa kodi. Mwambie muuzaji, kabla hajatuma, aandike "wheelchair" na namba 8713. Wakala naye akuonyeshe makadirio kabla hajayatuma. Mawakala wengi mzigo wa namna hii wanaupata mara moja kwa mwaka.

Vipuri vina mtego wake. Vipuri vya kiti mwendo viko 8714.20, lakini betri zina kifungu chao, 8507, na matairi yana chao. Betri ikija peke yake miezi sita baadaye, forodha inaona betri tu, haioni kiti. Bora uagize betri ya akiba na chaja pamoja na kiti, kwenye ankara moja, na ripoti ya daktari iwe imetaja kwamba kiti ni cha umeme. Skuta ya umeme yenye usukani wa mbele ni kesi nyingine kabisa: forodha inaweza kuihesabu gari, kifungu 8703. Uliza kwa maandishi kabla ya kununua. Na ujue msamaha haugusi ada ya wakala wala ya ghala. Mzigo ukilala bandarini wakati barua inatafutwa, ghala linaweza kula chote ulichosamehewa. Karatasi zitangulie, meli ifuate.

Gari linawezekana pia. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linataja vifaa vya watu wenye ulemavu, pamoja na gari moja, lililoundwa mahsusi kwa matumizi yao. Neno linalokwamisha ni hilo "mahsusi". Gari la kawaida la giaboksi otomatiki halitoshi kwa kuwa tu wewe ndiye unayeliendesha. Kuwe na breki na mafuta ya kuendeshwa kwa mkono, au lifti ya kiti, na hayo yaonekane kwenye karatasi za gari. Fundi wa mtaani akija kufunga mikono ya breki baada ya gari kutoka bandarini, umechelewa. Na gari la msamaha haliuzwi ovyo: ukimuuzia asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Wapo ndugu wenye moyo safi sana wanaojitolea "kukusaidia kuagiza" gari kwa jina lako. Kumbuka jina litakaloitwa na TRA ni lako.

Hospitali za umma ndiko penye malalamiko mengi, na chanzo chake ni kudhani kuwa ulemavu wenyewe ni tiketi ya bure. Msamaha pale unatolewa kwa asiye na uwezo wa kulipa, na anayeamua ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, si daktari wala mhasibu. Nenda dirisha la ustawi kabla ya dirisha la malipo, ukiwa na barua ya mtaa inayosema wazi kwamba huna uwezo. Akikubali, hakikisha kibali kinataja vipimo na dawa pia, kwa sababu kikisema "kumuona daktari" tu utasimamishwa maabara. Kwa viungo bandia, omba kwanza profoma (ankara ya makadirio) ya gharama ndipo uonane na ustawi. Afisa anaamua vizuri zaidi akiona namba, na mara nyingi jibu ni kulipa sehemu. Matibabu ya fistula (tundu la uzazi linalovujisha mkojo au kinyesi) pale hospitali ya CCBRT, Msasani, ni bure, na hilo nalirudia kila ninapopata nafasi maana wanawake wengi bado wanajificha nyumbani.

Halmashauri zote za jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni na Jiji la Dar es Salaam lenyewe, zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mlango ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Maombi mengi yanaanguka kwenye andiko la biashara lisilo na bei. "Tutafuga kuku" haitoshi. Andika kuku wangapi, banda shilingi ngapi, chakula mifuko mingapi kwa mwezi. Na ni mkopo, unarudishwa.

Kwa anayeomba mkopo wa chuo, HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) inaangalia ulemavu wa mwombaji na hata wa mzazi, ila fomu ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Saini ya daktari wa hospitali binafsi usiitegemee.

Uwanja wa ndege, kiti mwendo chako hakihesabiwi kwenye kilo za mizigo, na msaada wa kusukumwa haulipiwi. Ila useme unapokata tiketi, angalau saa 48 kabla, na utumie herufi wanazotumia wao. WCHR ni anayepanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi, WCHC hadi kwenye kiti chake afikishwe. Asiyeweza ngazi akiandikiwa WCHR atajikuta chini ya ndege anaangalia ngazi. Betri ya lithiamu inayotolewa kwenye kiti cha kukunja isizidi Wh (wati-saa) 300, na unaingia nayo ndani.

Posta ndiko watu hawaulizi kabisa. Kwa mkataba wa posta duniani, vitabu vya nukta nundu na vifaa vya wasioona husafirishwa bila ada ya posta hadi kilo 7, ingawa nyongeza ya ndege inaweza kutozwa. Atumaye au apokeaye awe asiyeona au taasisi ya wasioona, na kifurushi kifungwe kwa namna ya kufunguka kwa ukaguzi. Ukikigandisha gundi pande zote, kinapimwa kama mzigo wa kawaida.

Na ukiwa Kariakoo kutafuta tairi la kiti mwendo, soma namba ubavuni. Gurudumu la nyuma la inchi 24 kwa kawaida huvaa 37-540, yaani upana na kipenyo kwa milimita. Tairi la baiskeli la inchi 24 wanalokuletea upesi huwa 507. Ni dogo, haliingii kwenye rimu, na muuzaji akishalifungua hapokei tena.